Kipengo Kwenye Karatasi ya Mama

6 Februari

Baba,

Shikamoo. Blauzi ya kijivu imefika. Kondakta wa basi aliniletea mpaka dirishani, nikaivaa siku hiyo hiyo, maana pale mbele ya tanuri la mikate joto halina adabu, na blauzi zako ndizo pekee zinazonyonya jasho bila kunigandia mgongoni. Ahsante sana.

Ila nina neno, na usinikasirikie. Kiungo cha shingo, pale ncha za utepe zinapokutana, umekiweka mbele. Mama alikuwa anakiweka nyuma, na wewe, tangu mama atutoke ukaweka spana chini na kushika mkasi wake, umekuwa ukikiweka nyuma. Halafu uzi ni mwekundu kwenye kitambaa cha kijivu. Msimamizi wetu kaniuliza mbele za watu kama fundi wangu alishona huku anakimbizwa. Nikacheka nao. Kisha nikaenda stoo, nikaivua, nikaigeuza ndani nje. Ubavuni kuna vitundu vidogo kando ya mshono, vile vinavyotokea mtu akitumia sindano ya ncha kali kwenye kitambaa cha kuvutika. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitambaa cha namna hii kinataka sindano ya ncha butu, inayopita katikati ya nyuzi bila kuzikata. Imeandikwa kwenye pakiti. Hukuisoma?

Nikikupigia simu unasema "mimi mzima", unakata. Ndiyo maana naandika. Kwenye barua huwezi kunikatia. U mzima kweli, baba?

Kibiriti wako

15 Februari

Kibiriti,

Marahaba, mama. Mwambie huyo msimamizi wako kwamba maisha yangu yote nimefunga mabomba ya watu, na sijawahi kukimbizwa na kitu chochote isipokuwa maji. Uzi mwekundu ni mtindo. Kiungo cha shingo mbele ni mtindo. Ninyi mnaoshinda kwenye unga mtaijulia wapi mitindo? Na vile vitundu ni vya hewa. Si wewe uliyelalamika joto?

Haya, tumecheka vya kutosha. Taa ya chumba cha mbele iliungua, nikashona kwa mwanga wa dirisha, basi. Nimeshaweka nyingine. Karatasi ya mama yako ya kukatia nguo nimeitandika hapa hapa mezani ninapoandika, ile ngumu ya khaki, mbele, mgongo, mkono na shingo, nimeigandamiza kwa nati zangu za zamani isijikunje. Blauzi zote alizokushonea tangu ulipokua zimetoka humo, na hizi zangu pia. Kingo zake zimelainika kama sikio la paka. Sihitaji hata chaki. Napitisha kidole tu na mkasi unafuata.

Habari za hapa ni nzuri. Mama Kuku, jirani yetu wa ukuta mmoja, anakusalimu. Juzi kanipa mayai ya kuku wake, nikayavunja yote mlangoni. Ule mlango umekuwa mwembamba siku hizi, kila nikipita unanigonga bega. Nitatafuta seremala auchonge.

Usije. Kazi yenyewe mpya, ukianza kuomba ruhusa sasa hivi watakuchoka. Mimi mzima.

Baba yako,
Fundi Bo

24 Februari

Baba,

Shikamoo. Milango haipungui upana.

Barua yako nimeisoma kila nilipopata mapumziko. Kuna mahali umeandika mstari juu ya mstari, ikabidi niishike dirishani nitenganishe maneno moja moja. Mwishoni kalamu imetoka nje ya karatasi, na jina lako limekatika katikati bila wewe kujua. Wewe uliyekuwa ukinirudisha nianze upya daftari langu likiwa na mstari mmoja uliopinda.

Nitasema wazi, kwa sababu roho iko juu na siwezi tena kujifanya hamnazo. Ni macho. Baba mkubwa alianza hivi hivi. Aligonga milango, akamwaga chai pembeni ya kikombe, akamsalimia mti akidhani ni mpangaji, sote tukacheka. Kila akiambiwa aende akaonwe anasema kesho. Mpaka hiyo kesho ikafika hana cha kuonea. Na wewe ni nduguye, baba mmoja mama mmoja.

Hospitali ya mji huu ina daktari wa macho, mama mmoja mpole anayenunua mkate kwetu. Nimemuuliza huku namfungia mkate, watu wamepanga foleni nyuma yake. Amesema huenda ni presha ya macho. Huwa inatembea katika ukoo, haiumi, na ndiyo ubaya wake. Inakula pembeni kwanza. Kilicholiwa hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa mtu akiwahi. Akichelewa, basi. Amenipa nafasi ya tarehe kumi na nane Machi. Njoo, tafadhali.

Kama unaona nakuzushia, sawa, nithibitishie. Natuma vitambaa viwili. Nataka mwili wa bluu na mikono myeusi. Bluu yenyewe ni nzito, inakaribiana na nyeusi, lakini mwenye macho mazima atazitofautisha mchana kweupe. Shona peke yako. Nikiona rangi zimekaa sawa, sitalitaja tena jambo hili.

Kibiriti

9 Machi

Kibiriti,

Bluu mwilini, nyeusi mikononi. Uzi mweusi. Kiungo cha shingo nyuma. Sindano butu. Pindo limenyooka kama bomba jipya.

Mwambie huyo daktari wako mnunua mikate kwamba mzee ana macho ya mwewe, na nafasi yake ampe mgonjwa. Na uache kunizika nami bado napumua.

Baba yako

13 Machi

Baba,

Shikamoo. Nilipofungua kifurushi nilikaa juu ya gunia la unga nikalia, mpaka wenzangu wakadhani nimeletewa habari ya msiba. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Bluu ni bluu, nyeusi ni nyeusi, mshono umetulia. Nikaona haya kwamba nimempima baba yangu kama mtoto wa shule. Siku ile ile nikamwambia daktari nafasi yetu ampe mwingine, na nikamwambia huku nacheka.

Leo nimeivaa kazini. Nikanyoosha mikono kuteremsha trei ya rafu ya juu, mikono ikagoma. Blauzi yote ikapanda mpaka kitovuni, kwapa zikanibana kana kwamba mtu kanishika kwa nyuma. Msimamizi akaidaka trei, mikate ikamwagika sakafuni. Nikaenda stoo, nikaivua, nikaitandika juu ya boksi, nikaona.

Habari hii unaijua kuliko mimi, lakini naiandika. Kwenye karatasi ya mama, kipande cha mkono kina kipengo juu, alama ya kukutanisha mkono na mshono wa bega. Kipengo kile kimekaa upana wa kidole mbele ya mahali pake, kwa sababu siku mama anaikata mimi nilikuwa najifunza kusimama, nikaivuta meza, mkasi ukateleza. Hakukata nyingine. Alisema hawezi kuitupa karatasi nzuri kwa kipengo kimoja, wenyewe tutajua. Na wenyewe tunajua. Usikifuate. Kunja mkono katikati, anzia kwenye mkunjo. Wewe unalijua hilo kuliko jina langu, maana ndilo la kwanza alilokufundisha alipokuwa anaumwa kitandani na wewe umeshika mkasi kama koleo.

Aliyeshona blauzi hii amefuata kipengo. Kwa uaminifu kabisa, kulia na kushoto.

Baba, nani ameshona blauzi hii?

Nimekimbia hospitali na aproni yangu na unga wangu. Nafasi ya kumi na nane imeshachukuliwa. Daktari amenipenyezea nyingine, tarehe mbili Aprili, na baada ya hapo anasafiri kwa muda mrefu. Naogopa, baba. Nikifumba macho namwona baba mkubwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo. Nijibu upesi.

Kibiriti

19 Machi

Mwanangu,

Mimi ni Mama Kuku. Naandika mimi kwa sababu baba yako hawezi, na ukweli ni kwamba barua zako, tangu ile ya milango, nimekuwa nikimsomea mimi. Ile fupi ya macho ya mwewe aliiandika mwenyewe, mimi nikimwekea rula kila mstari. Hii ya juzi nilipofika pale "nani ameshona" nikanyamaza. Akasema, soma. Nikasema, nimemaliza. Akasema, hujamaliza, nasikia unavyopumua. Nikasoma. Akainuka akaenda uani, akakaa na kuku wangu mpaka wakaingia bandani.

Aliyeshona ni mimi. Niliona kipengo, nikajiambia watu hawa makini sana, nikakifuata. Unisamehe kwapa zako. Sasa amekaa mbele yangu, amenuna kama mtoto aliyenyimwa pipi, anataka niandike maneno yake. Nayaandika. Nikiona ametia chumvi au amepunguza, naongeza yangu kwenye mabano.

Anasema: Kibiriti, nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Vitambaa vyako nilivitoa nje juani, nikavigeuza na kuvigeuza. Vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

Anasema: jicho la kushoto ni ukungu mtupu, la kulia ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Mbele naona, pembeni hakuna kitu. Lakini nashona. (Hashoni. Wiki iliyopita ameipitisha pasi juu ya mkono wake mwenyewe. Kidonda nakisafisha mimi.)

Anasema: sikatai kwa ukaidi. (Kwa ukaidi pia.) Ninaogopa. Wakishasema mimi ni kipofu, utakuja unichukue, unikalishe kwenye chumba chako kimoja niwe nasikiliza ukitoka na kurudi, na cherehani itauzwa. Mama yako sina picha inayofanana naye. Ile ya ukutani mpiga picha alikuwa amemkasirisha. Nilichonacho ni ile karatasi. Nikipitisha kidole kwenye ukingo wake, kidole kinapita alipopita mkasi wake, kona kwa kona, mpaka pale ulipovuta meza. Hapo ndipo ninapokaa naye. Usinitoe hapo.

(Hapa aliomba nimpe ile karatasi mkononi. Nimempa.)

Anasema haji. Nimemwambia ni mjinga, ameninunia upya. Mwandikie wewe, mwanangu. Mimi maneno yameniishia, na tarehe mbili si mbali.

Jirani yenu,
Mama Kuku

23 Machi

Mama Kuku, shikamoo. Naomba umsomee haya polepole, na usiruke kitu hata akikuambia uruke.

Baba, nimekukasirikia. Ulinidanganya nikaitupa nafasi yako kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikicheka. Ungekuwa mbele yangu ningekupigia kelele mpaka kuku wa jirani watoroke. Nimemaliza hapo.

Sitauza cherehani. Na chumba changu hukitaki wala chenyewe hakikutaki. Ungenifungulia mabomba yote ya jengo kwa kusema yamefungwa vibaya, na mwenye nyumba angetutoa sote wawili. Utakuja, utaonwa, utarudi kwako. Hata wakisema neno baya kuliko yote, utarudi kwako, na tutapanga namna. Naandika hivyo na Mama Kuku ni shahidi.

Karatasi ya mama njoo nayo. Usiikunje, iweke bapa katikati ya mbao mbili uzifunge kamba. Huko kwenye foleni ya daktari utaiweka mapajani, na vidole vyako vitakuwa na kazi.

Unasema hapo ndipo unapokaa naye. Na mimi, baba? Nikiinua mikono kwenye rafu ya juu na blauzi isinibane, najua kuna mtu amekunja mkono katikati kwa ajili yangu. Zamani watu hao walikuwa wawili. Sasa ni wewe peke yako. Sitaki ushone gizani ukajichoma vidole ili mimi nisijue. Sijui kuomba zaidi ya hivi.

Tarehe moja nitakuwa kituoni tangu basi la kwanza. Usihangaike kunitafuta kwa macho. Simama hapo hapo utakaposhukia, mimi nitakuita.

Kibiriti

4 Aprili

Mama Kuku,

Shikamoo. Alishuka basi la mwisho. Nilikuwa nimeshawaita wazee wa watu kila gari, mpaka wauza maji wakaanza kunionea huruma. Alishuka amekumbatia mbao zake mbili kifuani, anamfokea kondakta aliyetaka kumsaidia kuzibeba. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtu akifokewa.

Jicho la kushoto limekwenda. Daktari hakuzunguka, alisema hivyo hivyo, na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za bomba la jirani. La kulia lina njia nyembamba iliyobaki. Jana wamelipasua kupunguza presha, na dawa ya matone itakuwa asubuhi na jioni maisha yake yote. Nilimuuliza daktari ingekuwaje tungengoja mpaka arudi safari. Alinitazama, nikamwambia asijibu.

Bado limefungwa bendeji. Kama limeshika au halijashika, hakuna anayejua. Kila muuguzi akiingia mimi nasimama, naye baba anamuuliza kama bomba la sinki lile la kona linavuja au ni masikio yake. Linavuja kweli.

Amenikataza kukuambia kwamba aliogopa. Aliogopa, Mama Kuku. Foleni nzima kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa karatasi, na walipomwita alinishika kidole gumba, kimoja tu, hakukiachia mpaka mlangoni.

Anauliza kuku hawajambo. Tuombee.

Kibiriti

27 Mei

Kibiriti,

Naandika mwenyewe. Kalamu nene, herufi kubwa, maneno machache.

Jicho limeshika. Mbele naona. Pembeni nageuza shingo. Miimo ya mlango nimeipaka rangi nyeupe na sasa tunaheshimiana.

Matone ananitia Mama Kuku. Anasema ndivyo anavyochanja kuku wake, tone moja jichoni, na kuku hawalalamiki hivi. Mkono wake mzito.

Alitaka kuziba kile kipengo kwa gundi akate kingine mahali pake. Nimemkatalia. Nimemwonyesha kukunja mkono katikati. Sasa tunaojua ni watatu.

Kwenye kifurushi kuna blauzi ya bluu. Nimeikata na kuishona mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, yeye ametunga sindano tu. Ivae, kisha nyoosha mikono uone.

Uzi ni mweupe, najua. Safari hii si mtindo. Nimechagua mweupe ili niuone.

Baba yako,
Fundi Bomba